Mzee Anayehesabu kwa Vidole: Sura ya Lord Lovat kwa Shilingi Moja

Miguu imetanuka, tumbo limetangulia mbele, shingo imezama mabegani. Mzee amekaa kitini na koti lake kubwa, wigi kichwani, anahesabu kwa vidole. Uso ni mpana na umejaa nyama, mdomo umepinda kidogo, na macho ni ya mtu anayejua jambo ambalo wewe hulijui na hana haraka ya kukuambia. Kando yake pana meza, na mezani pana kitabu cha kumbukumbu za maisha yake pamoja na kalamu ya unyoya.

Chini ya picha kuna mstari wa maandishi. Unasema kwamba huyu ni Simon, Lord Lovat. Kwamba amechorwa akiwa mbele ya macho ya msanii na kutiwa kwenye bamba kwa asidi na William Hogarth. Kwamba picha imetolewa kwa mujibu wa sheria ya Bunge tarehe 25 Agosti 1746. Na kwamba bei ni shilingi moja. Siku picha ilipoanza kuuzwa, mwenye sura alikuwa tayari kafungiwa katika Mnara wa London. Alibakiwa na miezi saba na nusu hivi ya kuishi.

Mimi nimekula ugali wa vibonzo vya magazeti kwa miaka mingi, kwa hiyo picha hii naitazama kwa macho mawili tofauti. La kwanza ni la fundi anayemwonea mwenzake wivu. La pili ni la mtu anayejua kwamba kalamu inaweza kumhukumu mtu kabla hakimu hajakohoa. Nadhani Hogarth alimhukumu Lovat pale kitini, kwa shilingi moja, na mabwana wa Bunge wakaja baadaye kupiga muhuri. Naomba nieleweke: simtetei Lovat. Alikuwa na hatia, tena ya mengi kuliko lile aliloshtakiwa.

Simon Fraser alizaliwa karibu na mwaka 1667, katika ukoo wa Fraser wa Nyanda za Juu za Uskoti, upande wa Inverness. Nyanda za Juu za zama zile, chifu wa ukoo hakuwa mwenye shamba tu. Alikuwa hakimu, jemadari na baba wa watu wake. Akipuliza parapanda, wanaume wanatoka na panga zao bila kuuliza vita ni ya nani. Simon aliutaka uchifu huo kwa udi na uvumba, lakini haukuwa wake moja kwa moja. Lord Lovat wa tisa, Hugh Fraser, alifariki mwaka 1696 akaacha mjane na mabinti, na upande wa mjane ulikuwa na nguvu: Amelia Murray, binti wa Marquess wa Atholl, mmoja wa mabwana wakubwa kabisa wa Uskoti.

Mwezi Oktoba 1697 Simon aliingia na watu wake Castle Dounie alikokuwa akikaa mjane huyo, akamlazimisha ndoa usiku. Masimulizi ya tukio lile yanasema nguo zake zilikatwa kwa jambia na zumari za Kiskoti zikapigwa kwa nguvu chumba cha pili ili mayowe yake yasisikike. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Novemba, huko London, alizaliwa mtoto wa mwalimu mmoja aliyekuwa na madeni. Mtoto huyo aliitwa William Hogarth. Sitaki kulitia jambo hili uganga. Ni kalenda tu. Lakini kila nikiitazama picha, hesabu hiyo hunijia: mchoraji na dhambi kubwa ya mchorwaji ni wa rika moja.

Baada ya hapo maisha ya Simon yalikuwa ya kugeuka huku na huku. Alihukumiwa nchini kwake kwa uhaini akiwa hayupo, akakimbilia Ufaransa, akaingia Ukatoliki, akajifanya mtu wa ukoo wa kifalme wa Stuart uliokuwa uhamishoni. Wafaransa nao hawakumwamini, wakamzuia kwa karibu miaka kumi. Alitoroka mwaka 1714, na uasi wa kuwarudisha akina Stuart ulipozuka mwaka 1715 aliamua kupigana upande wa serikali, akasaidia kuushika mji wa Inverness, akasamehewa. Mwaka 1730 mahakama ilimthibitishia ubwana wake. Kwa hiyo mtu yule yule alikuwa mhaini wa mfalme, kisha mfungwa wa adui wa mfalme, kisha shujaa wa mfalme. Waskoti na Waingereza walimwita mbweha. Huku kwetu jina hilo la ujanja tungempa sungura, ila sungura wetu tunamcheka na kumpenda, na sidhani kama Lovat alipendwa na wengi nje ya ukoo wake.

Ikaja 1745. Mwanamfalme Charles Edward Stuart alitua Uskoti kutafuta kiti cha babu yake. Lovat, mzee wa miaka karibu themanini, akacheza kamari ya mwisho: akamtuma mwanawe, Simon kijana, akawaongoze Wafraser kwenda vitani upande wa mwanamfalme, huku yeye akimwandikia Duncan Forbes wa Culloden, jaji mkuu wa Uskoti na mtu wa serikali, barua za kulalamika kwamba ana mtoto mkaidi asiyesikia la mkuu. Serikali ikishinda, baba ni mtiifu. Mwanamfalme akishinda, mwana ni shujaa. Tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanda wa Culloden, jeshi la mwanamfalme lilivunjwa kwa muda wa chini ya saa moja. Castle Dounie ikachomwa moto. Mzee mwenyewe, asiyeweza tena kutembea vizuri, alibebwa kutoka maficho hadi maficho, mpaka wanajeshi wakamkuta kwenye kisiwa ndani ya Loch Morar. Inasemekana alikuwa amejificha ndani ya shina la mti lenye uwazi.

Safari ya kwenda London ilikuwa ya polepole kwa sababu ya ugonjwa, au ya kujifanya mgonjwa. Kwa Lovat ni vigumu kutenganisha. Katikati ya Agosti walipumzika St Albans, mji ulio kilomita zipatazo thelathini kaskazini ya London, katika nyumba ya wageni ya White Hart. Daktari wa mji ule aliyemtazama alikuwa akifahamiana na Hogarth. Hogarth akaitwa, akapanda gari la farasi, akaja.

Hapa pana kisa ambacho waandishi wa maisha ya Hogarth wamekisimulia tangu karne ile ile. Msanii alipoingia chumbani, Lovat alikuwa ananyolewa ndevu. Badala ya kusubiri, mzee aliinuka na kumkumbatia, akambusu kwa desturi ya Kifaransa aliyoipata uhamishoni, huku povu la sabuni likiwa bado limejaa mashavuni. Hogarth akatoka na povu usoni. Kisha wakakaa, na mzee akaanza kumsimulia habari za vita: jemadari fulani alikuwa na watu kadhaa, ukoo fulani ulileta kadhaa. Kila anapotaja ukoo, anakunja kidole. Hapo ndipo Hogarth alipopata picha yake.

Hicho kidole kinanishangaza mpaka leo. Hogarth angeweza kumchora na upanga au na minyororo. Minyororo ingeuza sana. Akachagua ishara ya sokoni. Mtu akihesabu kwa vidole tunajua anapiga hesabu za faida na hasara. Hapa anayehesabiwa ni binadamu: wanaume waliotolewa kwenye nyumba zao na chifu wao, wengi wao wakiwa tayari wamelala chini ya udongo wa Culloden. Mchoro wenyewe hausemi hayo. Ila mtazamaji wa London wa 1746 alikuwa amesoma magazeti, na alijua ni kitu gani kinachohesabiwa.

Tena ni ishara aliyoifanya mwenyewe. Mchoraji akimtia mtu mkononi kitu ambacho hakukishika, mtu anaweza kulalamika. Hogarth alimchora Lovat akifanya alichokuwa akifanya, na hakuna utetezi dhidi ya hilo.

Ufundi wenyewe unahitaji maelezo kidogo, kwa sababu kasi ndiyo iliyoifanya picha hii iwe silaha. Kulikuwa na njia kadhaa za kuchapa picha. Moja ilikuwa kuchonga bamba la shaba kwa chuma chenye ncha, ukisukuma mstari kwa mstari. Picha kubwa ilichukua wiki au miezi. Nyingine ilikuwa mezotinti, inayokwaruza bamba zima likawa na mikunjo midogo ya kushika wino, kisha msanii akalainisha sehemu za mwanga. Hiyo ndiyo iliyopendwa kwa kunakili picha za rangi za mabwana, maana hutoa kivuli laini kama cha mahameli. Hogarth alitumia njia ya tatu. Bamba hupakwa nta, msanii huchora juu ya nta kwa sindano kama anayechora kwa kalamu, kisha humwagiwa asidi. Asidi hula shaba pale tu sindano ilipofunua. Bamba likisafishwa hupakwa wino, wino wa juu hufutwa, unabaki ule uliomo kwenye mifereji. Karatasi yenye unyevu huwekwa juu yake na vyote hupitishwa katikati ya rola mbili nzito.

Kwa njia hiyo mkono uko huru. Mistari ya koti la Lovat inakimbia, inapishana, inakatana kwa pupa. Mashavuni imekuwa mifupi, ya kupinda, karibu nukta. Niliitazama picha hii kwa karibu katika chumba cha kusomea cha idara ya picha zilizochapwa, British Museum, ambako raia yeyote anaweza kuomba nafasi, akaletewa boksi na kuachwa nalo mezani. Ukiinamisha kichwa, mwanga ukapita juu ya karatasi kwa ubavu, unaona wino ulivyoinuka kidogo, na kando kando unaona alama ya bamba lilivyoigandamiza karatasi ilipokuwa na maji. Picha yenyewe si kubwa: urefu wake ni karibu sentimeta 36. Unaweza kuibandika ukutani nyuma ya mlango wa baa, na bila shaka ndivyo ilivyofanywa.

Tangu mzee aketi St Albans hadi picha iwe dukani zilipita siku kumi hivi. Lovat aliingia Mnara wa London tarehe 15 Agosti. Tarehe 18 mabwana wawili wengine wa Kiskoti, Kilmarnock na Balmerino, walikatwa vichwa Tower Hill, kilima kilicho kando ya Mnara huo, mbele ya umati. Tarehe 25 picha ikatoka. London ilikuwa bado ina harufu ya damu mdomoni na inauliza nani anafuata.

Mauzo yalikuwa ya kutisha. Inasimuliwa kwamba mashine ya kuchapia ilifanya kazi usiku kucha kwa muda wa wiki nzima na bado haikukidhi, na kwamba Hogarth aliingiza kiasi cha pauni 12 kwa siku kwa wiki kadhaa. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo hizo ni nakala 240 kila siku. Muuza vitabu mmoja, wanasema, alitaka kulinunua bamba kwa uzito wake wa dhahabu. Hogarth hakuuza. Picha ikapunguzwa hata ikawa karatasi ndogo ya duara ya kuweka ndani ya kifuniko cha saa ya mfukoni, ili muungwana akitazama saa amwone na mbweha.

Aliweza kukataa dhahabu kwa sababu ya ule mstari wa chini niliousema, “kwa mujibu wa sheria ya Bunge”. Sheria hiyo ilikuwa kazi yake. Mwaka 1732 mfululizo wake wa picha kuhusu msichana wa mashambani aliyeangukia ukahaba London ulinakiliwa na wachapaji wezi mpaka akachoka. Yeye na wenzake wakalisumbua Bunge, na mwaka 1735 ikapita sheria iliyompa mbuni wa picha haki ya miaka 14 juu ya picha yake, mradi jina na tarehe viandikwe kwenye bamba. Wachoraji wa kwetu wanaolia kila siku kwamba kazi zao zinachapwa kwenye fulana bila ruhusa wamkumbuke Hogarth. Alisumbuliwa, akasumbua na yeye.

Sasa nirudi kwenye hukumu.

Picha za mabwana wa Uskoti kwa kawaida zilikuwa na kazi moja. Zilitundikwa kwenye ukumbi wa ngome, juu ya meza ya chakula, ili mgeni ajue yuko kwa nani. Kama ilivyo picha ya Rais kwenye kila ofisi na kila duka letu, haikuwekwa pale ili uichunguze bali ili ikuchunguze wewe. Bwana ndiye aliyelipa, ndiye aliyechagua pozi, na mchoraji aliyempa tumbo kubwa kuliko alilolitaka hakuitwa tena. Lovat naye alikuwa na picha za namna hiyo za siku zake za nyuma, na zilichapwa pia. Ukiziona huwezi kumtofautisha na bwana mwingine yeyote wa enzi ile.

Picha ya Hogarth iliupindua mpango huo. Aliyelipa ni mpita njia mwenye shilingi, aliyeitaka ili amtazame bwana akiwa chini. Mwaka huo wa 1746 shilingi haikuwa fedha ya kuchezea kwa kibarua wa London, lakini kwa fundi, karani au mwenye duka ilipatikana. Na Bunge lenyewe lilikuwa limejaa watu wa kununua picha.

Kesi ilianza tarehe 9 Machi 1747 katika ukumbi wa Westminster. Lovat alishtakiwa na Baraza la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa, mbele ya Baraza la Malodi, na kwa utaratibu wa mashtaka ya aina hiyo hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kumjengea hoja. Mzee wa karibu miaka themanini, aliyelalamika kwamba hasikii vizuri wala haoni vizuri, alitakiwa ahoji mashahidi mwenyewe. John Murray wa Broughton, aliyekuwa katibu wa mwanamfalme na sasa amegeuka shahidi wa serikali, alisimama akaeleza yote, barua zikasomwa. Malodi 117 walipiga kura, wote wakasema ana hatia. Mwaka ule ule Bunge likabadilisha sheria ili washtakiwa wa namna hiyo waruhusiwe mawakili. Walioona kesi walijua kuna jambo halikukaa sawa, hata kama hukumu ilikuwa ya kweli.

Kwa miezi yote hiyo picha ilikuwa ukutani. Hakuna wakili aliyemsemea Lovat, lakini kila nyumba ya kahawa ya London ilikuwa na sura yake ikisema, “Ndiyo, ni mimi, na nyote mnanijua.” Siwezi kuthibitisha kwamba lodi hata mmoja alipiga kura kwa sababu ya ile picha. Ushahidi ulitosha bila hiyo. Ninachosema ni kwamba mpaka mzee anaingia Westminster, hakuwa tena mtu mwenye mambo ya kueleza. Alikuwa mhusika, na mhusika anaelezwa na wengine.

Zamani niliwahi kutumwa mahakamani kumchora mshtakiwa mmoja, kamera zikiwa zimekatazwa. Mhariri alinipa maelekezo mafupi kabla sijatoka: “Mtie macho ya wizi.” Yule bwana alikuwa na macho ya kawaida kabisa, ya mtu asiyelala. Nilimchora kama nilivyomwona, na picha ikatoka ndogo, ukurasa wa ndani. Namwelewa mhariri, maana msomaji hanunui macho ya mtu asiyelala. Hogarth hakuhitaji kuambiwa, na kwa bahati yake yeye alikuta macho yenyewe yako tayari. Au ndivyo tunavyoamini. Tangu 1746 hakuna anayeweza kumfikiria Lovat mwenye macho mengine.

Wanahistoria wa karne zilizofuata walifanya jambo la kuchekesha. Walitaka kueleza tabia yake, wakaeleza picha: ujanja wa mdomo, kope nzito, unene wa mtu wa anasa. Sura ya nakala ya shilingi moja ikawa ushahidi wa kihistoria. Hata National Portrait Gallery ya London ina picha ya rangi ya mafuta ya Lovat iliyotokana na Hogarth. Kwa kawaida rangi ndiyo huzaa uchapaji. Hapa uchapaji umeizaa rangi.

Amelia Murray hakuiona picha hii. Alifariki mwaka 1743. Hili linanikera zaidi ya yote. Kosa ambalo Lovat alikatwa nalo kichwa ni uhaini dhidi ya Mfalme George wa Pili. Lile la Oktoba 1697 halikusimamishwa mbele ya lodi yeyote pale Westminster. Hogarth, aliyekuwa hodari wa kuchora wanawake walioharibiwa na wanaume wenye fedha, alikaa chumba kimoja na mtu huyu, na kidole alichokichora kinahesabu askari. Naelewa ni kwa nini. Habari ya siku ilikuwa vita. Lakini yeyote atakayeipachika picha hii kwenye makala au ukutani ajue kwamba hesabu yake ina mtu mmoja aliyeachwa.

Tarehe 9 Aprili 1747 Lovat alipelekwa Tower Hill. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba jukwaa mojawapo la mbao walilojengewa watazamaji liliporomoka na kuua watu wapatao 20. Mzee, wanasema, alilipokea jambo hilo kwa mzaha: vurugu ikizidi, mchezo unanoga. Alipapasa makali ya shoka, akampa mwenye shoka fedha, akatamka mstari wa Kilatini wa mshairi Horace kuhusu utamu wa kuifia nchi, akaweka shingo. Ni mtu wa mwisho kuuawa kwa kukatwa kichwa kwa amri ya mahakama nchini Uingereza. Na bila kuchelewa wachapaji wakatoa picha za tukio: umati, majukwaa, gogo, jeneza, na herufi ndogo A, B, C juu ya kila kitu ili maelezo ya chini yakuonyeshe kipi ni kipi. Ni picha za habari, kama ramani. Sura ya mzee ndani yake ni kitone. Hakukuwa na haja ya kuichora. Wanunuzi walikuwa nayo nyumbani.

Baadaye Hogarth mwenyewe alijua thamani ya alichokifanya. Mwaka 1763, alipokuwa na ugomvi na mwanasiasa John Wilkes, alimchora Wilkes naye kitini, karibu na meza, kwa asidi, kwa shilingi moja. Tangazo lake gazetini lilisema wazi kwamba picha hiyo ni ya kulinganishwa na ile ya Lord Lovat, ambayo bado inapatikana. Miaka 17 imepita, maiti imeoza, na bamba bado linatafuta fedha. Wilkes, mwenye makengeza, alitokea kama shetani anayetabasamu. Lakini Wilkes alikuwa na gazeti na wafuasi mitaani, akaishi na sura ile hadi akawa Meya wa London. Kalamu ya Hogarth haikuwa na nguvu ya kiganga. Iliua yule tu aliyekuwa hana pa kusemea.

Kuhusu mwili, Wafraser walishikilia kwa muda mrefu kwamba maiti ya chifu wao ilirudishwa kaskazini kwa siri na kuzikwa Wardlaw, Kirkhill, karibu na Inverness, ambako kuna jeneza la risasi lenye mifupa isiyo na kichwa. Mwaka 2018 timu ya Profesa Sue Black, mtaalamu wa mifupa, ilitangaza matokeo ya uchunguzi: mifupa ile ni ya mwanamke kijana. Serikali ya wakati ule ilisema ilimzika ndani ya kanisa la St Peter ad Vincula, humo humo kwenye Mnara wa London, na ukarabati wa kanisa hilo katika karne ya 19 ulipata kibao cha jeneza lake. Mbweha amewakimbia hata wajukuu wa ukoo wake, wamemlilia mwanamke wasiyemjua.

Kwa anayetaka kumiliki nakala, na najua wako wanaokusanya vitu hivi, soko lina mitego yake. Hogarth alifariki mwaka 1764. Mjane wake, Jane, aliendelea kuchapa na kuuza kwa mabamba yale yale. Alipofariki mwaka 1789 mabamba yakaenda kwa mchapaji Boydell, na mwaka 1822 yakatolewa tena na wachapaji wa London baada ya mchongaji James Heath kuyafufua mistari iliyolika. Kwa hiyo picha “halisi ya Hogarth” inaweza kuwa ya 1746 au ya miaka karibu themanini baadaye, zote kutoka shaba ile ile. Inyanyue kwenye mwanga. Karatasi ya zamani huonyesha mistari ya waya wa kiunzi ilikotengenezewa; ile nene, laini, isiyo na mistari, ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya karne ya 19. Kisha tazama kivuli cha koti. Nakala za mwanzo zina weusi mzito wenye uhai, na za mwisho zina ukijivu, au zina weusi mgumu wa mistari iliyochongwa upya na mkono mwingine. Mwuzaji akikuambia mwaka bila kukuruhusu uitoe kwenye fremu, rudisha pochi mfukoni.